Maisha ya Mtakatifu Camillo de Lellis, Mwosha wa Walio Hai

Ndugu wasomaji, katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za mapadre na masista waliojenga makanisa na shule zetu, na za wazee waliobeba mawe ya msingi vichwani mwao. Mimi nimeombwa niandike maisha ya mtu mmoja ambaye hakuiona nchi yetu kamwe, naye alikufa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Jina lake ni Camillo de Lellis. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye ni mtu wa Jubilei hasa: alizaliwa mwaka 1550, nao ulikuwa Mwaka Mtakatifu wa Jubilei huko Roma, akageuka moyo mwaka 1575, nao vile vile ulikuwa wa Jubilei. Sababu ya pili nitaisema mbele kidogo, maana inanihusu mimi mwenyewe, wala si ya kujisifia.

Alizaliwa tarehe 25 Mei katika Bucchianico, mji mdogo wa nchi ya Abruzzo, Italia. Baba yake, Giovanni, alikuwa askari. Mama yake, Camilla, alikuwa mtu mzima wa umri mkubwa, hata majirani wakastaajabu kumwona ana mimba. Husimuliwa kwamba kabla ya kujifungua aliota ndoto, akaona mtoto mwenye msalaba kifuani anaongoza kundi la wenziwe wenye misalaba kama yeye. Mama akaogopa sana, akidhani ya kuwa mwanawe atakuwa mkuu wa wanyang'anyi. Akafa Camillo angali mtoto, wala hakupata kujua maana ya ile ndoto.

Kijana akakua, akawa pande la mtu, mrefu kupita wenziwe wote, mwenye hasira za upesi. Akamfuata baba yake katika kazi ya uaskari wa mshahara, na pamoja na upanga akajifunza karata na dadu. Baba naye akafa, asimwachie urithi wa maana. Katika miaka hiyo ya ujana mguu wa Camillo ulipata jeraha. Lilianza kama jambo dogo, kisha likawa donda, likatoa usaha, likakataa kufunga. Sisi twalijua donda la namna hii, nasi twaliita donda ndugu, labda kwa kuwa likishakuingia hukaa nawe kama mtu wa ukoo wako. La Camillo lilikaa naye miaka 46.

Mwaka 1571 alikwenda Roma kutafuta dawa, akapokewa katika hospitali ya San Giacomo degli Incurabili, yaani hospitali ya Mtakatifu Yakobo ya wagonjwa wasioponyeka. Hakuwa na fedha ya kulipa, basi akawekwa kuwatumikia wagonjwa wenziwe huku akitibiwa. Alikuwa mtumishi mbaya. Aligombana na watu, aliwaacha wagonjwa akaenda kucheza karata, hata wakubwa wa hospitali wakamfukuza. Akarudi vitani, akapigana upande wa Wavenisi juu ya Waturuki. Hata mwaka 1574 alipokuwa Napoli akacheza kamari mpaka akapoteza upanga, bunduki na joho, na mwisho hata shati la mwilini.

Wakati wa baridi wa mwaka ule alionekana mlangoni pa kanisa katika mji wa Manfredonia, akiomba sadaka kwa aibu kubwa. Wakapuchini walikuwa wakijenga nyumba yao hapo, wakampa kazi ya kuchukua vitu kwa punda. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani anarudi kutoka San Giovanni Rotondo, ambako padre mmoja alikuwa amesema naye usiku uliopita, alishuka akapiga magoti katika mawe akalia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Tangu siku ile hakushika karata tena.

Akataka kuwa Mkapuchini, nao wakampokea. Lakini sikilizeni jambo lililomtoa. Kanzu yao ni ya sufu nzito yenye kukwaruza, na upindo wake ulikuwa ukisugua mguu wake kila alipopiga hatua. Donda lililokuwa limeanza kufunga likafunguka. Wakamrudisha Roma, akatibiwa San Giacomo karibu miaka minne, likaonekana limepona, akarudi utawani. Upindo ukasugua tena, donda likafunguka mara ya pili, nao wakamwambia ya kuwa hawezi kukaa. Mtu mwingine angelia kwa ajili ya wito uliopotea. Camillo alilia, lakini pia alijifunza jambo ambalo waganga wengi wa siku zile hawakulijali: kitambaa kikavu kinachosugua mahali pamoja chaweza kushinda dawa yote ya dukani.

Basi mwaka 1579 akawa San Giacomo tena, safari hii kwa moyo mwingine, nao wakamfanya msimamizi wa nyumba. Hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Katika hospitali nyingi za Ulaya siku zile kitanda kimoja kililaliwa na wagonjwa wawili au watatu juu ya godoro la majani makavu. Watumishi walikuwa watu wa kukodiwa, na wengi waliishika kazi ile kwa kukosa nyingine. Mgonjwa aliyechafua kitanda aliachwa katika uchafu wake mpaka mtumishi atakapopenda. Wengine walipelekwa chumba cha maiti roho ingalimo. Camillo aliwajua watumishi hao vema, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao miaka minane iliyotangulia. Nadhani ndiyo sababu hakuwatukana. Aliona tu kwamba mshahara peke yake hauwezi kununua mkono mpole.

Watu wa pwani husema ya kuwa mwosha huoshwa. Lakini mwosha wa methali hiyo ni yule aoshaye maiti. Kwetu hata mtu asiyependwa, akifa, hakosi waoshaji: maji hupashwa moto, sabuni hununuliwa, shuka mpya hutolewa sandukuni. Je, alipokuwa hai, amelala miezi miwili, nani alimpelekea beseni? Hapo nafika kwenye sababu yangu ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita katika kigango ninachofundisha alikuwapo mzee mmoja aliyepooza upande mmoja wa mwili. Nilimzuru kila Ijumaa. Niliketi kwenye kigoda karibu na mlango, nikasali naye, nikamsomea Injili, nikaaga. Nilisikia harufu, nikadhani ni harufu ya ugonjwa. Sikufunua shuka hata siku moja. Mkewe alikuwa mzee naye, hana nguvu za kumgeuza, tena aliona haya kuniambia mimi mwalimu. Siku alipochukuliwa kupelekwa hospitali nilifuatana nao. Mwuguzi alipomlaza ubavu niliona chini ya mgongo, juu kidogo ya matako, tundu ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, na mfupa ukionekana ndani. Alikufa baada ya siku chache. Yule mwuguzi hakunilaumu. Aliniuliza tu ni nani aliyekuwa akimgeuza, nami sikuwa na jibu.

Baadaye nilimrudia, akanifundisha, nami nayaandika hapa kwa ajili ya walimu na wakina mama wa vyama vyetu. Mtu alalaye bila kujigeuza, nyama yake hubanwa kati ya mfupa na kitanda, na damu haiwezi kupita. Ikikosa damu kwa saa chache, nyama hufa, na mara nyingi huanza kufa ndani kabla ngozi haijapasuka. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe kila saa mbili hivi, mchana na usiku. Mahali pa kutazama ni kisogo, mabega, viwiko, chini ya mgongo, nyonga na visigino. Vitabu husema tutafute wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi: basi tazama mahali palipozidi weusi, gusa kwa mkono uone kama pana moto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu. Ukipaona, usipasugue, bali mgeuze asipalalie.

Tena jasho na mkojo hulainisha ngozi kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua nguo, na ngozi iliyolainika hupasuka kwa jambo dogo. Aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo tu, kisha akaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini, hasa chini ya matiti, kwapani na mapajani. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo wala makombo ya chakula. Na anaposogezwa ainuliwe na watu wawili, asiburutwe, maana kuburuta huichuna ngozi.

Camillo hakuyajua haya yote kama tunavyoyajua leo. Hata habari za vijidudu vya maradhi zilikuja kujulikana karibu miaka 300 baada yake. Lakini alikuwa na mwalimu ndani ya soksi yake. Kila asubuhi alifungua bendeji iliyogandamana na donda, akajua uchungu wa mkono wa haraka. Basi alipomfungua mtu mwingine hakuwa na haraka.

Mwezi wa Agosti 1582, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, lilimjia wazo: kwa nini wasikusanyike watu watakaowauguza wagonjwa bila mshahara, kwa mapendo tu? Akapata wenzi watano katika watumishi wa hospitali. Wakatengeneza chumba kidogo cha sala. Wakubwa wa hospitali wakaingiwa na shaka, wakidhani anataka kuitwaa nyumba, wakaamuru kile chumba kivunjwe. Hata muungamishi wake, Mtakatifu Filippo Neri, aliyependwa na Roma yote, hakukubali aiache San Giacomo aende kuanza jambo jipya. Watakatifu nao hukosana shauri, wala si vibaya wasomaji walijue hilo.

Wengine walimwambia ya kuwa mtu asiye padre hataweza kuongoza kazi kama ile. Akaenda shule. Alikuwa na umri wa miaka 32, mrefu kama mlingoti, mguu umefungwa bendeji, akaketi benchi moja na watoto kujifunza Kilatini, nao wakamcheka. Mwaka 1584 akapewa upadre. Mwaka ule ule aliwaandikia ndugu zake kanuni za kuwahudumia wagonjwa. Katika hizo amesema kwamba kila mmoja amwombe Mungu moyo wa mama, apate kumwuguza jirani kama mama amwuguzavyo mwanawe wa pekee. Wasomaji wengi hulishika neno hilo la mama, nalo ni zuri. Mimi napenda zaidi yale yaliyo chini yake, yaani matendo ya mikono.

Maana Camillo alipokwenda na wenziwe katika hospitali kubwa ya Santo Spirito, karibu na kanisa la Mtakatifu Petro, hakuanza na mahubiri. Alifunga kitambaa cha kazi kiunoni. Aliwaosha wagonjwa uso, mikono na miguu, akawasafisha vinywa, maana mwenye homa ulimi wake hukauka na kuganda hata chakula hakionji. Alibadili shuka zilizochafuka, akatandika upya, na siku za baridi akapasha nguo moto kabla ya kumvika mgonjwa. Alichukua vyombo vya haja kwa mikono yake, akavimwaga, akavisafisha. Alitaka madirisha yafunguliwe hewa ipite, wenye maradhi ya kuambukiza watengwe na wengine, na kila mgonjwa apewe chakula kinachomfaa. Kuhusu wale waliodhaniwa wamekufa, aliamuru wasifunikwe uso upesi, bali ndugu waendelee kusali karibu nao robo saa nzima baada ya pumzi kuonekana imekatika. Aliwaita wagonjwa mabwana zake, na pengine alipiga magoti mbele ya kitanda. Alipowaona ndugu zake wanafanya kazi kwa mikono mikavu, aliwasihi watie moyo zaidi katika mikono ile.

Tarehe 18 Machi 1586 Papa Sixtus V akalithibitisha kundi lake, na mwezi wa Juni mwaka ule akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Ndiyo ile misalaba ya ndoto ya mama yake. Tusiwachanganye na Chama cha Msalaba Mwekundu cha siku hizi, ambacho kilianzishwa Geneva mwaka 1863, nacho alama yake imetokana na bendera ya Uswisi. Mwaka 1591 Papa Gregory XIV akawafanya kuwa shirika kamili la watawa. Juu ya nadhiri tatu tuzijuazo waliweka ya nne, kuwahudumia wagonjwa hata katika tauni, hata kwa hatari ya kufa. Haikuwa maneno matupu. Walipokwenda Napoli, tangu mwaka 1588, zilifika merikebu zenye tauni, zikakatazwa kuingia bandarini. Ndugu walipanda ndani yake, na wawili katika wao wakafa humo. Mwaka 1595 wengine walifuatana na majeshi mpaka Hungaria, wakawafunga vidonda askari uwanjani pa vita.

Mkesha wa Noeli wa mwaka 1598 mto Tiber ulifurika kuliko mafuriko yote yaliyopata kuandikwa Roma. Hospitali ya Santo Spirito iko kando ya mto, na vyumba vya chini vikaanza kujaa maji. Camillo na wenziwe waliwabeba wagonjwa mgongoni, mmoja baada ya mmoja, wakawapandisha orofani, pamoja na magodoro na mablanketi. Alikuwa na umri wa miaka 48, naye akapita katika maji yale machafu na donda lake wazi. Urefu ule aliochekwa shuleni usiku ule ulifaa.

Habari za uongozi wake sitazirefusha. Nyumba zilianzishwa Milano, Genova na miji mingine, madeni yakaongezeka, mashauri yakawa mengi, na yeye hakuwa mtu wa vitabu vya hesabu. Mwaka 1607 aliacha cheo cha ukubwa wa shirika, apate kurudi vitandani pa wagonjwa. Mwaka 1746 Papa Benedict XIV akamtangaza kuwa Mtakatifu. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimfanya msimamizi wa wagonjwa na hospitali pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu, na mwaka 1930 Papa Pius XI akawaweka wote wawili kuwa wasimamizi wa wauguzi. Ndugu zake wamefika hata Afrika Mashariki, na huko Kenya, karibu na Ziwa Victoria, iko hospitali ya misheni katika Karungu yenye jina lake.

Lakini nirudi kwake angali hai. Mbali ya donda alikuwa na ngiri aliyoishi nayo miaka 38, na sugu mbili chini ya wayo zilizomchoma kila alipokanyaga, kisha vijiwe vya figo, na mwishoni tumbo lililokataa chakula. Yote matano aliyaita huruma za Mungu kwake. Sisemi kwamba kila mgonjwa ayaite hivyo; mwenye maumivu aachwe aseme maumivu. Nasema tu ndivyo alivyoita yeye, na hakuna aliyemsikia akiwataka wagonjwa wake waseme vile.

Katika miaka yake ya mwisho miguu haikumchukua tena. Usiku, walipodhani amelala, alionekana akijikokota kwa mikono kutoka kitanda hadi kitanda, akishika nguzo za vitanda, akiuliza kila mtu amekosa nini: maji, au chombo, au kugeuzwa upande wa pili. Ndugu walimrudisha chumbani, naye akatoka tena.

Alikufa Roma tarehe 14 Julai 1614, katika nyumba ya shirika lake iliyo karibu na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, na katika kanisa hilo mwili wake unatunzwa hata leo. Alikuwa na umri wa miaka 64. Kwa miaka 32 ndugu aliowafundisha walikuwa wakiosha watu wengine, na katika siku zake za mwisho walimwosha yeye, wakamgeuza, wakamfunga bendeji mguuni.